Kuandika Wasifu wa Mume, Baba na Babu Aliyetutoka: Mwongozo Kamili kwa Familia za Mombasa

Ukihudhuria mazishi kumi Mombasa, utasikia mzee mmoja akizikwa mara kumi. Kila mara ni baba mwenye upendo, mume mwaminifu, mcha Mungu, mpenda watu na mshauri wa wengi. Maneno hayo si uongo, ila hayamtambulishi mtu. Jaribu hivi: chukua sentensi moja ya wasifu, toa jina la marehemu, tia jina la jirani yake. Sentensi ikibaki kweli, haijasema chochote juu ya mzee wenu. Ifute, uandike aliyoyafanya yeye.

Mwongozo huu ni wa watoto na wajukuu waliopewa kazi hiyo katikati ya msiba, usingizi umewakimbia na simu hazinyamazi.

Jueni kwanza mnaandika nini

Kuna maandishi ya aina tatu, na watu huyachanganya: tanzia ya kupeleka habari, wasifu wa kusomwa mbele ya watu, na kumbukumbu ya kuhifadhi nyumbani.

Kwa familia ya Kiislamu maziko huwa siku hiyohiyo au kesho yake. Hakuna nafasi ya wasifu makaburini, wala hapana haja. Pale ni sala, dua, na tangazo kwamba anayemdai marehemu aje kwa jamaa zake. Kinachohitajika haraka ni tanzia. Wasifu mtauandika matanga yakiendelea, na unaweza kusomwa nyumbani watu wakikusanyika kwa hitma, au ukapelekewa jamaa walio mbali. Kwa familia ya Kikristo, hasa ikiwa marehemu atasafirishwa kwenda Taita, Kaloleni au bara, aghalabu mna siku kadhaa hadi wiki moja au zaidi, na wasifu huchapishwa ndani ya kijitabu cha ibada. Anzeni siku ya pili, msingoje usiku wa kuamkia mazishi.

Tanzia isizidi maneno 80. Iwe na jina lake kamili pamoja na lile analojulikana nalo mtaani (wengi hawalijui la kwenye kitambulisho), ni mume wa nani, baba wa nani, ndugu wa nani, matanga yako wapi, na atazikwa lini na wapi. Saa ndiyo huponza watu. Ukiandika "saa 10" tupu, wa Mombasa ataelewa ni alasiri, lakini jamaa anayesoma saa kwa Kiingereza atafika asubuhi au atakosa kabisa. Andika "saa 10 alasiri, baada ya sala ya Alasiri", au "saa 4 asubuhi, ibada ya kanisani". Weka nambari ya simu ya mtu mmoja tu, asiwe mjane. Kama mnapokea mchango, taja jina litakalotokea kwenye simu ya mtumaji, kwa sababu matapeli hunakili tanzia na kubadilisha nambari. Nambari ya kitambulisho cha marehemu isionekane popote.

Makaratasi kabla ya machozi

Tafuteni mkoba wa nyaraka: kitambulisho, pasipoti ya zamani, cheti cha ubatizo au cha ndoa, barua ya kuajiriwa, barua ya kustaafu, kadi ya NSSF. Zipangeni mezani kwa miaka. Mara nyingi tarehe za kuzaliwa hazitalingana. Wazee wengi hawakuzaliwa hospitalini, na mwaka ulioandikwa ni wa kukadiria siku walipokwenda kuchukua kitambulisho. Msigombane. Kwenye cheti cha kifo na shughuli za serikali fuateni kitambulisho. Kwenye wasifu andikeni "alizaliwa yapata mwaka 1944".

Ukitaka kuukaribia mwaka wa kweli, usimuulize shangazi "ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize kwa matukio. Mgomo mkubwa wa wafanyakazi Mombasa ulikuwa Januari 1947: je, alikuwa ameshazaliwa? Siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, alikuwa shuleni au ameshaanza kazi? Mzee Kenyatta alipofariki hapahapa Mombasa, 22 Agosti 1978, mlikuwa mnaishi mtaa gani na mtoto gani alikuwa mgongoni? Daraja la Nyali la sasa lilipofunguliwa 1980, alikuwa akivukia wapi kwenda kazini? Yako pia jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982, kuzama kwa feri ya Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, vurugu za Likoni za Agosti 1997, na mvua za Elnino zilizofuata. Mtu aliyesahau miaka yote atakumbuka alikuwa wapi habari ya Mtongwe ilipofika.

Kazini ndipo makosa hujaa. Mzee aliyeingia bandarini mwaka 1970 hakuajiriwa na Mamlaka ya Bandari za Kenya. Mamlaka hiyo iliundwa 1978, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kabla yake lilikuwa shirika la bandari la Afrika Mashariki, na kabla ya 1969 reli na bandari zilikuwa shirika moja. Aliyeajiriwa 1966 na kustaafu miaka ya tisini bila kuhama gati, basi, alifanya kazi chini ya waajiri watatu. Hilo ni jambo la kuandikwa, na wenzake wa kazi watakaokuwa wamekaa hemani watalitambua mara moja. Vivyo hivyo masomo: mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulianza 1985 na mfumo wa elimu wa 8-4-4, kwa hiyo mzee wa miaka 75 hakuufanya. Kama alikuwa mwalimu au mtumishi wa serikali akastaafu kwa umri kabla ya 2009, alistaafu akiwa na miaka 55 kwa hesabu ya mwajiri. Toa 55 kwenye mwaka wa kustaafu, utaona mwajiri alimhesabu amezaliwa lini.

Kuwauliza waliomjua

Hapa ndipo wasifu hupata uhai, na ndipo penye kazi kubwa. Msikae wote sebuleni mkaulizana. Mkubwa atasema, wengine wataitikia, na mtatoka na maneno yaleyale ya mazishi kumi. Muulizeni kila mtu peke yake.

Mjane ndiye mwenye habari nyingi kuliko wote, lakini mwacheni siku tatu za mwanzo. Kama yuko eda, ambayo ni miezi minne na siku kumi, ana muda na utulivu ambao hataupata tena. Aulizwe na binti au mjukuu wa kike, asubuhi kabla ya wageni. Rekodini kwa simu. Zimeni pangaboi, kwani mngurumo wake hufunika sauti na ukisikiliza baadaye hutoki na kitu. Wekeni simu juu ya mto, kama shubiri mbili kutoka mdomoni, isiwe juu ya meza inayogongwa na vikombe. Dakika 30 zinatosha. Akichoka, rudini kesho.

Swali pana halileti jibu. Ukimuuliza "Baba alikuwa mtu wa namna gani?" atasema alikuwa mtu mzuri. Muulize hivi:

– Mara ya kwanza ulimwona wapi, na alikuwa amevaa nini?
– Posa ilipelekwa na nani, na mahari yalikuwa kiasi gani?
– Akirudi kazini, kitu cha kwanza alikuwa akifanya ni kipi?
– Wewe ukiugua, nani alikuwa akipika, na alikuwa akipika nini?
– Mlikosana juu ya nini, na nani alikuwa akianza kusema na mwenzake?
– Pesa zikikosekana, alikuwa akikwambia au akinyamaza?
– Ni kitu gani alikikataza nyumbani, na kwa nini?

Swali la ugomvi wengi huliogopa. Liulizwe. Mapenzi ya miaka 40 au 50 huonekana kwenye namna ya kupatana, na mwanamke aliyemzika mumewe hujua kupima lipi la kusema na lipi la kufunika.

Kisha watoto, na hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hulipitia juu juu. Kifungua mimba na kitinda mimba hawakulelewa na baba mmoja. Wa kwanza alimjua kijana wa shifti za usiku, mkali, mwenye haraka, anayehesabu nauli. Wa mwisho alimjua mtu mzima aliyetulia, anayekaa barazani kusoma gazeti. Wakikaa pamoja, mmoja husema "Baba alikuwa mkali" na mwenzake hukana, na wote wawili ni wakweli. Wasifu unaoandika mabadiliko hayo, kwa umri na kwa sababu, humtoa mzee mzima. Muulize kila mtoto kitu kimoja alichofundishwa kwa mikono: kutengeneza pasi, kuogelea, kutoa magamba ya samaki, kuhesabu chenji.

Wajukuu ni habari nyingine. Babu na mjukuu wana utani, na baba aliyekuwa hacheki na wanawe huenda aliwaita wajukuu wa kike "wake zangu" na kugombania nao ubuyu. Wakusanyie majina yote ya utani aliyowapa, kila jina na asili yake. Uliza mfukoni mwake mlikuwa na nini. Uliza alikuwa akiwapeleka wapi Idi Mosi au Krismasi. Mtoto wa miaka saba hujibu maswali haya vizuri kuliko mtu mzima, ila muulize akiwa anacheza, usimkalishe kitini. Na kama yuko somo yake, yule aliyepewa jina la babu, asisahauliwe.

Mwisho nenda kwa wasio jamaa: mwenzake wa dhumna au bao, jirani wa ukuta, muuza kahawa, mtu aliyesali safu moja naye, fundi aliyemshonea kanzu au suti. Watu wawili au watatu watatosha. Hawa ndio huleta lile ambalo nyumbani halikujulikana, kama karo ya mtoto wa mtu aliyoilipa kimya. Jambo la sadaka likitajwa, mpokeaji asitajwe kwa jina wala kwa dalili.

Majina, na penye miiba

Aliyekuwa na wake zaidi ya mmoja, waandikwe kwa mpangilio wa ndoa, kwa maneno yenye uzito sawa. Usimwite mmoja "mke wake mpendwa" na mwingine "pia alimuoa". Mke aliyeachwa akiwa na watoto hutajwa kama mama wa watoto hao. Watoto waliotangulia mbele ya haki watajwe. Mama zao watakuwa wamekaa hapo wakisikiliza. Mtoto wa nje ambaye marehemu alimtambua huandikwa pamoja na wenzake, na jambo hilo liamuliwe na wazee wa familia mapema, si kwenye kipaza sauti.

Wasifu si hati ya mirathi. Lakini kijitabu kilichochapishwa hubaki, na likizuka shauri, mtu atakitoa aonyeshe nani alitajwa na nani aliachwa. Kwa hiyo orodha ya wajane na watoto ilingane na ile mtakayompa chifu kwa barua ya warithi, iwe shauri litakwenda kwa Kadhi au mahakama nyingine. Msomeeni orodha mtu mmoja kutoka kila upande: upande wa mjane, upande wa ndugu za marehemu, na watoto. Herufi za majina zihakikishwe na wenyewe. Ugonjwa utajwe kwa idhini ya mjane tu. "Baada ya kuugua" inatosha.

Kuandika

Msomaji anayesoma taratibu mbele ya watu humaliza maneno kama 100 kwa dakika. Wasifu wa maneno 600 ni dakika sita, na zaidi ya hapo watu huanza kutazama saa. Gawa hivi: kuzaliwa na wazazi maneno 60, masomo 60, kazi 120, nyumba na familia 200, dini na jamii 80, ugonjwa na kifo 50, aliowaacha 30. Wengi hupindua hesabu hii: vyeo hula nusu ya karatasi, na mke wa miaka 45 hupata mstari mmoja. Kama hesabu itawashinda, punguzeni kwenye vyeo.

Idadi ikiwa kubwa, msisome jina la kila mjukuu. Semeni "wajukuu 19 na vitukuu 4", majina yote yachapwe kijitabuni.

Chagueni sauti moja. Wakiandika watoto, aitwe "Baba" mwanzo hadi mwisho. Neno "marehemu" litumike mara mbili au tatu tu, maana likirudiwa kila sentensi humfanya mtu faili. Kisha badilisheni kila sifa iwe kitendo. Tuseme mmeandika:

"Baba alikuwa mume mwenye mapenzi na aliijali sana familia yake."

Rudini kwenye maneno ya mjane, muandike:

"Baba akitoka shifti ya usiku alipita kununua mkate wa mofa, akaufunga kwa gazeti ili ufike una moto. Mama alikuwa hapendi kula peke yake asubuhi. Alifanya hivyo hadi alipostaafu, na baada ya kustaafu aliendelea kuamka alfajiri kwenda kuununua."

Neno mapenzi halimo, na hakuna atakayeuliza kama alimpenda. Tendo moja la kila siku lina nguvu kuliko safari moja kubwa. Mkipata matatu ya namna hiyo, moja la mume, moja la baba, moja la babu, wasifu umesimama, na mengine ni tarehe.

Aibu ya mtu isiandikwe, lakini msimfanye malaika pia. "Alikuwa mwepesi wa hasira, na mwepesi zaidi wa kuomba radhi" ni sentensi ambayo watu wataitikia kwa vichwa, kama ni kweli.

Ubeti mmoja, kama mnaweza

Pwani msiba haukosi shairi. Msitafute la kunakili. Ubeti mmoja wenu unatosha. Shairi la mistari minne lina mizani 16 kila mstari, nane kwa nane, vina vya kati vifanane na vya mwisho vifanane. Mstari wa nne, yaani kituo, unaweza kubadili hali. Chukua tendo lilelile la mkate:

Atokapo bandarini, mlango ukifunguka,
Mkate u mkononi, kwenye gazeti wafuka,
Twakimbia sebuleni, ndugu sote twaamka,
Leo kiti barazani, kimya, hakijakalika.

Hesabuni kwa vidole. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba "m" inayosimama peke yake ni mizani: m-ka-te ni tatu, m-la-ngo ni tatu. Lakini "mbi" katika "twakimbia" ni moja, kwa kuwa "m" imeungana na "b". Mtu akighani badala ya kusoma, mizani iliyopunguka itasikika papo hapo.

Kusoma na kuchapisha

Chapeni nakala ya msomaji kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi pana kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na nambari. Zitieni kwenye faili gumu. Feni za hemani na upepo wa pwani hupeperusha karatasi. Msomaji afanye mazoezi mara tatu kwa sauti. Mtu wa pili asimame karibu akiwa na nakala yake, akifuata kwa kidole. Mwenzake akilemewa na kilio, apokee kuanzia neno lilelile bila kuomba radhi. Sehemu ya babu isomwe na mjukuu, sentensi nne au tano.

Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu huwa cha kurasa 4, 8 au 12. Mkiandika kurasa 9, mtalipia 12. Picha ya upana wa sentimita 10 inataka vipimo vya pikseli 1,200 hivi ili itoke safi. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Itumeni kama faili la hati.

Picha za zamani za studio huharibiwa na unyevu wa Mombasa. Ile iliyonata kwenye kioo cha fremu msiibandue, kwani sura hubaki kwenye kioo. Ipigeni picha ilivyo, karibu na dirisha, jua lisiiguse, mweko wa simu umezimwa, simu ikiwa sambamba na picha. Kama kioo kinaakisi, shikeni kitambaa cheusi nyuma ya simu. Zilizonata kwenye albamu ya gundi zipitishieni uzi mwembamba wa kusafishia meno chini yake, taratibu, kutoka pembeni.

Rekodi za mjane na nakala za picha ziwekwe sehemu tatu: simu moja, kompyuta moja, na kwa jamaa anayeishi nje ya Mombasa. Kila faili lipewe jina linaloanza na mwaka, halafu mahali, halafu waliomo, kuanzia kushoto. Nyuma ya picha zenyewe andikeni kwa penseli laini bila kukandamiza, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya na joto, na baada ya miaka michache utatokea usoni mwake.